Nazi Nayo ni Mmea

Kama umefika hapa kwa sababu kifua kinakuchoma na umeambiwa uache nyama, kaa kitako nikusimulie. Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo hapa Likoni, nashona madera na sare za shule, na mengi niliyoelezwa hospitali kuhusu tumbo nimeyasahau. Ninachokumbuka ni mabenchi, vidonge, masufuria, na kipindi kirefu ambacho sikuhisi kitu chochote, si furaha wala huzuni.

Yangu yalianza wakati wa kipupwe, nikadhani ni cherehani. Kila nikiinama kufuata mshono baada ya chakula cha mchana, kitu cha moto kilipanda kutoka chini ya kifua mpaka kooni na kuniachia mdomo mchungu. Nilijinyoosha, nikanywa soda, nikateuka, nikaendelea na kazi. Wateja waliniambia sauti yangu imekauka, nikawaambia ni vumbi la vitambaa. Halafu siku moja, nikiwa nampima mama mmoja kiuno, kifua kilinibana hata nikakaa sakafuni na futi shingoni, na yule mama akaanza kunisomea Yasini. Hapo niliamini kuwa ni moyo. Nilikwenda nyumbani kwanza, nikaoga, nikavaa nguo nzuri, ndipo nikaenda hospitali, maana sikutaka kufa nikiwa na nyuzi kichwani.

Moyo ulikuwa mzima. Walinibandika waya, wakanitoa damu, kisha daktari mmoja kijana akanibonyeza juu ya tumbo na kuniuliza nala nini usiku na nalala saa ngapi. Akasema ni tindikali, inatoka tumboni na kupanda isikotakiwa. Alinipa vidonge vya kumeza asubuhi kabla ya chai, na akaandika nikafanyiwe kipimo cha kamera, ule mpira wanaoupitisha kooni mpaka tumboni.

Kamera nilifanyiwa mvua za vuli zilipoanza. Wote tuliokuwa benchini tulikuwa hatujala tangu jana yake, kwa ajili ya kipimo, na watu wenye njaa hawana jingine la kuzungumza. Mzee mmoja alitueleza biriani ya harusi ya mpwa wake kuanzia kitunguu cha kwanza. Mwanamke niliyekaa naye aliniona natetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, akatoa leso kwenye mkoba wake akanifunika miguu bila kuniuliza jina. Nilipoitwa ndani nilimrudishia, akasema nenda nayo. Nilitolewa mpira koo likiwa limekufa ganzi, mate yananidondoka na mimi sijui, na nikaambiwa kuna vidonda kidogo lakini hakuna kibaya kingine. Mume wangu Abeid, aliyekuwa akiningoja nje, alifunika uso kwa viganja vyote viwili akashukuru. Mimi nilisema ahsante kama mtu aliyepishwa njia.

Ganzi ya kooni iliondoka kabla ya adhuhuri. Ile nyingine ilibaki.

Daktari alinishauri nipunguze nyama, vya kukaanga, kahawa na pilipili, nisilale nimeshiba, nile zaidi vyakula vya mimea. Katika maneno yote hayo mimi nilibeba moja tu nikaenda nalo nyumbani, mimea.

Hapa lazima nieleze tulivyokuwa tukila. Kwetu mke na mume hula sahani moja. Tangu fungate, mimi na Abeid tulitandika mkeka mmoja, sahani moja, kila mtu na upande wake. Yeye anauza vipuri vya magari kule kisiwani, huvuka feri jioni akarudi amechoka, si mtu wa maneno mengi. Binti yetu Rukia ameolewa Kiembeni, na alipoondoka nyumba ilinyamaza. Wakati wa kula ndio pekee tulipokuwa tunakaa magoti yakigusana na kuzungumza. Kwa hiyo niliposikia habari ya kubadilisha chakula sikuihofia nyama. Niliihofia sahani ile.

Abeid alinitoa hofu. "Tutakula mboga sote," alisema. "Nyama nitaila kwenye harusi za watu."

Basi nikapika mimea. Nilipika mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, kunde za nazi, ndizi mbichi za nazi na samli ya mimea ile ya kopo. Mavyaa wangu, mama yake Abeid, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na ana minazi yake Mtongwe. Aliposikia mkaza mwanawe ameandikiwa mboga, alileta nazi gunia zima. "Mboga pasi na nazi ni chakula cha mbuzi," alisema, na mimi nilikubaliana naye kabisa. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia kila alasiri, nikakuna, nikakamua, tui la kasimile, lile zito la mwanzo, nikalitia mwisho mpaka mafuta yakaelea juu. Pilipili niliitia nzima na kikonyo chake. Pembeni niliweka embe mbichi na ndimu. Vyote ni mimea, na nilikuwa najisifu. Nilimwambia kila mteja kwamba mimi siku hizi sigusi nyama.

Na nilikuwa naungua kuliko zamani. Kaskazi ilipoingia na joto lake, sikuweza kuinama kuokota sindano. Maji baridi yaliniuma meno. Sauti ilikuwa kama ya mwanamume aliyeamka sasa hivi, nikipokea simu watu wananiita bwana. Nilipungua mwili hata madera yangu mwenyewe nikawa nayapunguza, mshono juu ya mshono, na jirani zangu wakaniuliza kwa upole kama kuna jambo nawaficha. Niliendelea kumeza vidonge. Daktari aliongeza kipimo cha vidonge, akaniuliza kama nafuata masharti, nikamwapia Mungu kwamba nafuata, na sikuwa nasema uongo.

Ramadhani ilikuja. Daktari aliniruhusu kufunga mradi vidonge nivimeze wakati wa daku. Kutwa nzima kwa njaa kifua kilitulia kiasi, kisha futari ikaharibu yote, kwa muhogo wa nazi, viazi vya nazi na kaimati. Baada ya daku tulirudi kulala, na hapo ndipo moto ulipopanda hasa. Nilikaa na mito mgongoni nikingoja alfajiri. Nikitazama nyuma, nadhani ningepaswa kuogopa, lakini nilikuwa kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa mwingine, nimechoka kungoja tu. Abeid alikuwa akiniuliza, "Kifua chasemaje?" Nami nikamjibu, "Alhamdulillahi." Ni jibu zuri. Hakuna anayeweza kukuuliza zaidi.

Baada ya Iddi, mvua za masika zikipiga mabati, nilipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, binti mmoja wa bara mwenye sauti ya taratibu. Alivuta kiti karibu.

"Mama, nieleze chakula ya jana usiku."

"Mchicha, mbaazi na wali. Nyama sikugusa, wallahi."

"Mchicha umepika aje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ni gani, mama?"

"Na nazi."

"Na mbaazi?"

"Na nazi."

"Na wali?"

Nilimtazama tu. Sikujua nimweleze vipi mtu mzima kwamba wali una nazi.

"Mama, nazi iko na mafuta mingi sana," alisema. "Kwa hiyo tumbo yako ni kama umekula nyama ya mafuta kila siku."

"Lakini nazi nayo ni mmea."

Hakucheka, nami nilimpenda kwa hilo. Alisema hata pilipili ni mmea, na ndimu, na kahawa, na tumbaku pia ni mmea. Akanieleza kwamba kwao hawapiki na nazi kabisa, nikamwonea huruma. Kisha tukaanza upya. Aliniambia nipike chukuchuku, yaani kwa maji na chumvi kidogo na tone la mafuta. Nile choroko tunazoziita pojo, maharagwe, bamia, boga, mchicha, muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha, uji wa mtama, papai na ndizi mbivu. Nyanya kidogo sana. Nile kidogo kidogo, na cha mwisho kiwe kabla ya magharibi. Ninyanyue upande wa kichwani wa kitanda kwa matofali, nilalie ubavu wa kushoto, na nisiifunge leso kwa kuikaza tumboni. Hilo la leso sikuwahi kulifikiria maisha yangu yote. Ukisoma haya na wewe ni mwanamke wa Pwani, legeza leso yako sasa hivi.

Nilianza kwa kuzirudisha nazi. Mavyaa alikuwa ameketi barazani kwake anachambua mchele.

"Mama, nimezirudisha. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Hospitali."

"Wamekukataza nazi." Aliweka ungo chini. "Miye nimezaa wanangu wote juu ya nazi. Huyo Abeid amekua kwa nazi. Leo nazi yaua?"

"Haiui, Mama. Ni tumbo langu tu."

"Haya," alisema, akarudi kwenye mchele wake. Sikuona chozi, na hakupandisha sauti, lakini tangu siku hiyo alinipokea shikamoo yangu kama unavyopokea bili ya maji.

Abeid alijaribu kula nami. Jioni ya kwanza ya chukuchuku alitafuna pojo kwa muda mrefu sana. "Si mbaya," alisema, akanywa maji gilasi mbili. Niliona vibaya, mtu ameshinda kisiwani anabeba mashafuti na magurudumu. Nikaanza kumpikia chake mbali, samaki wake, wali wake wa nazi. Masufuria yakawa mawili na saa zikawa mbili, kwa kuwa mimi lazima nile kabla ya magharibi naye huingia karibu na isha. Mkeka tuliutandika, lakini sahani ikawa yake peke yake. Mimi nilikaa kando nimekunja miguu, nikimtazama, nikinusa. Alikula haraka ameinamisha kichwa. Hatukuzungumza kitu, kwa sababu kula peke yako mbele ya mtu hakuleti mazungumzo.

Halafu siku moja aliingia akasema, "Nimepita kwa mama, nimekula." Wiki ile ile akapita tena. Baadaye hakuwa anasema, ilijulikana tu. Sufuria lake nililiosha nikaliweka juu ya kabati.

Mavyaa aliniambia siku moja, tukiwa tumekutana dukani, bila kunitazama, "Mwanamume akiwa hana chakula nyumbani kwake, mtu mwengine huja akampikia." Alichukua chumvi yake akaenda. Nilijua anasema nini. Mke wa pili si habari ngeni mtaani kwetu. Nilirudi kwenye cherehani nikamaliza kola niliyokuwa nimeianza, ikanyooka vizuri.

Mwilini nilikuwa napona, na hilo niseme wazi ili usivunjike moyo. Kipupwe kilipofika nililala usiku mzima bila kuamka. Vuli ilinikuta sauti imerudi, na mteja mmoja wa zamani alinipigia akasema, kumbe ndiwe. Meno yaliacha kuuma. Madera niliyatanua tena. Daktari alipunguza vidonge taratibu, kwanza kila siku, kisha kila baada ya siku moja. Usije ukaviacha mwenyewe kwa kuwa umesoma habari zangu, mimi nilipoviruka wiki moja kwa ujuaji wangu nilirudi kuungua upya.

Kuacha nyama hakukunishinda. Watu huniuliza nimewezaje, na ukweli haupendezi kuusema. Niliweza kwa kujifunza kutotamani. Mishikaki ikichomwa nje ya msikiti, napita. Kwenye sherehe za watu likiwekwa sinia la pilau mbele yangu, naweka mkono juu ya goti na kusema nimekula. Mwanzo mate yananijaa, baadaye hayaji. Na nilipokwisha kuizoea kazi hiyo, haikuishia kwenye chakula. Rukia alinipigia kunipa habari ya mimba yake ya kwanza, nikamwambia hongera kwa sauti nzuri, nikakata simu nikaendelea kumenya boga. Mume wangu alikuwa hali kwingine ila kwa mama yake, na nilijua naye anaweza kuondoka kidogo kidogo kama alivyokuwa akiondoka, nami ningemtazama akienda hivyo hivyo, nimekunja miguu.

Kaskazi ya pili ndipo nilipoachishwa vidonge. Daktari alinipa mkono, akasema, "Mama, hongera, umejitibu kwa sufuria." Benchini watu walinitazama kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilifika nyumbani alasiri, nikachemsha viazi vitamu na mchicha, nikapakua. Nikatandika mkeka, nikakaa, na sikula. Nilikuwa na habari njema, ya kwanza kwa muda mrefu niliyotamani kuisema, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Magharibi iliadhiniwa, nikaswali, nikarudi pale, chakula kimepoa. Saa yangu ya kula ilipita. Isha nayo ikaadhiniwa, nikaswali, Abeid hajarudi. Na pale kwenye mkeka nikasikia kitu tumboni, nikadhani ni tindikali, lakini haikuwa. Ilikuwa ni njaa, na hasira pamoja nayo. Nikavaa buibui nikatoka.

Kwa mavyaa mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Abeid alikuwa chini kwenye mkeka, mbele yake wali na samaki wa kupaka, mama yake kando anampepea kwa kipepeo cha ukindu kama mtoto.

"Hodi."

"Karibu," mavyaa alisema. "Ijapokuwa chetu hukili."

Abeid aliinua uso. "Kuna nini? Kifua?"

"Kifua hakina kitu. Leo wameniachisha vidonge."

"Alhamdulillahi," alisema, na mama yake pia akasema.

"Abeid," nikamwambia, "mimi nimekuja tule."

Mkono wake ulisimama ndani ya sahani. Nikaendelea kabla sijarudi nyuma. "Nyama sili, na nazi sili, na huenda nisile tena. Lakini nyumbani nimekaa na chakula tangu jioni na kimenishinda kula. Sitaki tena kula peke yangu."

"Wadhani miye napenda kuja kula huku?" alisema polepole. "Siwezi kula mbele yako. Natafuna samaki nawe umekaa wanitazama, ushamaliza boga lako. Tonge lanikwama. Naona haya."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniambia kuwa wataka nirudi. Kila nikikuuliza, wanijibu alhamdulillahi."

Mavyaa aliacha kupepea. Alitazama sahani, akanitazama mimi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimrudishie nazi zake.

"Wali huu una nazi," alisema. "Na samaki ana nazi. Ngojeni." Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaenda jikoni, tukamsikia anamenya muhogo. Akauliza kutoka huko, "Chumvi wamekuruhusu?"

"Ndiyo, Mama. Kidogo."

Nilikaa kwenye mkeka. Muhogo si kitu cha kuiva upesi. Abeid aliisogeza sahani ya samaki pembeni, hakula tena, na hakwenda kunawa. Alikaa mkono wa kulia ameuacha hewani, mchuzi unakaukia vidoleni, akingoja. Nilimweleza habari ya Rukia kutapika asubuhi. Alinieleza habari ya bosi wake wa duka la vipuri. Muhogo ulipokuja, sahani moja, tuliula wote wawili, mweupe, mkavu, na mavyaa akachukua kipande akaonja akasema, "Hauna kitu huu," akachukua kingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiwa tumechelewa, nimekula nje ya saa yangu kwa mara ya kwanza tangu masika. Hatukufika mbali. Moto ulianza kupanda, mdogo, ule ninaoujua. Abeid aliniona nimeweka mkono kifuani.

"Kinachoma?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumwambia alhamdulillahi.

"Kinachoma," nikasema, na machozi yakanitoka palepale barabarani, mbele ya wauza mahindi na watu wote wanaonijua, nikamlilia mume wangu kifua, na mwaka mzima, na mjukuu anayekuja, na yeye akasimama kando yangu bila kuniharakisha.